Ng'ombe Wako Mweusi Tumemla

Shikamoo, Mama.

Leo huna haja ya kuitikia. Ulipokuwa hai ulikuwa na mtindo wa kunyamaza kwanza, unanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, ndipo unatoa marahaba yako shingo upande, na mimi nimesimama na ndoo kichwani nasubiri. Basi leo endelea kunyamaza. Nina mengi ya kukuambia, na safari hii hutanikatiza.

La kwanza, ng'ombe wako mweusi tumemla. Yule dume, Katekista, uliyempa jina hilo kwa sababu ya suti yake nyeusi isiyo na doa. Uliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Uliyeagiza achinjwe siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi lako, ili watu wa Endagikot washibe na kukusifu. Siku ya msalaba wako watu walikula makande, Mama. Hata padri alikula makande. Mimi mwenyewe ndiye niliyempakulia.

Nakuandikia nikiwa kitandani, katika chumba chako cha upande wa jua. Paskali, mwanao na mume wangu, amenipa chumba hiki bila kuombwa, na nitakueleza kwa nini amekuwa mpole kiasi hicho. Mtoto amelala ubavuni mwangu. Ni wa kike. Mama yangu amekuja kutoka Basotu kunilea na yuko jikoni anakoroga uji. Unakumbuka ulivyokuwa hutaki akanyage jiko lako, ulisema Mmang'ati ataleta harufu ya ngozi kwenye sufuria. Jina hilo ulilijua kuwa linawauma watu wa mama yangu, Wabarbaig, ndiyo maana ulilitumia. Sasa ndiye anayejua chumvi inakaa wapi.

Nataka kwanza nikueleze uchungu wangu ulivyokuwa, kwa sababu katika miaka yote niliyokaa kwako hukuwahi kuniuliza. Uliucheka tu.

Ilikuwa mimba ya Emanuel, mwaka ule tulipoambiwa sisi si watu wa Mkoa wa Arusha tena, tuna mkoa wetu. Uchungu ulianzia kiunoni, nyuma, nikadhani nimelala vibaya. Ukazunguka kuja mbele, ukakaza, ukakaza tena, kama mtu anayekaza kamba ya mzigo juu ya punda huku ameweka goti ubavuni. Halafu ukaachia. Hapo ndipo penye ukatili wake, Mama. Unaachia kabisa, unapumua, unaona hata nzi ukutani, unasema labda umekwisha. Kisha unausikia unakuja kutoka mbali, na unajua ukubwa wake kabla haujafika, na huna pa kukimbilia kwa sababu uko ndani yako mwenyewe. Miguu ilinitetemeka nisiweze kuizuia. Nilitapika. Nilitaka kwenda chooni na nesi akaniambia hicho siyo choo, huyo ni mtoto. Mifupa ya nyonga niliisikia ikiachana.

Wewe ulikuwa mle ndani ya chumba cha kuzalia kwa sababu nesi mzee wa zamu mlikuwa mkisali pamoja. Alikuja na trei yake, akasema ipo sindano ya maumivu, ingenisaidia nipumzike kidogo, njia bado haijafunguka. Alinitazama mimi. Nakumbuka vizuri sana kwamba alinitazama mimi. Nikafungua mdomo, uchungu ukanikamata, na wewe ukajibu.

"Mwacheni. Huyo ni wa Wamang'ati, hawasikii maumivu hao. Na katika nyumba yangu hakuna aliyezaa amelala usingizi."

Nesi akaondoka na trei. Nilimwona mpaka kisogo chake kilipopotea mlangoni.

Basi nikalia. Nililia, Mama, sikatai. Mlio ulinitoka ambao sikuujua kuwa ni wangu. Ulianza chini, ukapanda, ukakatika katikati, ukapanda tena. Nilimwita mama yangu kwa Kibarbaig, nilimwita Bikira Maria kwa Kiswahili, na mwisho nikawa siiti mtu, natoa sauti tu. Emanuel akatoka. Wote wananiambia alilia vizuri akitoka. Mimi sikumsikia.

Laiti ungeyaacha mle ndani. Wanawake wanaachiana mengi mle ndani. Lakini nilipokuwa bado nimefungiwa na mtoto, natakiwa kula na kunyweshwa na kutoudhiwa na mtu yeyote, wewe ulikwenda kwenye mashine ya kusaga, ukaweka debe lako kwenye foleni, ukawaigizia. Uliutoa ule mlio wangu. Ulishika kiuno, ukafumba macho, ukaupandisha, ukaukata pale pale ulipokatika, ukaupandisha tena. Mama Safari, jirani yetu, ndiye aliyeniambia, na alikiri kwamba hata yeye alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo kila nikipita na debe langu la mahindi, kuna mtu anakohoa. Uliuigiza kwenye kibarua cha palizi. Uliuigiza kwenye jumuiya baada ya rozari. Ulikuwa na kipaji, lazima niseme. Paskali alikuwa akicheka chinichini akidhani simwoni.

Nilikwenda Basotu kumshitakia mama yangu. Nilijua kwa watu wake kuna kikao cha akina mama. Mwanamume akimpiga mwanamke aliyetoka kujifungua, au akiutukana uzazi, wanawake wote wanatoka na fimbo zao wanamkalia uwanjani kwake mpaka atoe dume jeusi, wanalichinja na kulila wao peke yao, na akikataa wanamlaani, na hakuna anayetaka kuisikia laana ile. Nikamwambia mama, njooni mumkalie mama mkwe wangu. Akasema, "Mwanangu, kikao ni cha kumkalia mwanamume. Mwanamke mwenzetu hatuna pa kumshitaki." Nikarudi kwako nimeshika mtoto na hasira yangu nimeibeba vile vile.

Mimba ya Daudi nilijifungua kimya. Niliuma kanga mpaka ikatoboka, nikauma na mdomo wenyewe, una alama hadi leo, na kilio chake naye sikukisikia. Sindano sikuitaja na hakuna aliyeniuliza. Ulikuja kunitazama ukanishika bega, ukasema, "Sasa umekuwa mtu." Ulifikiri unanisifu. Siku hiyo ndipo nilipoanza kukuchukia hasa, kwa utulivu, bila kelele.

Kisha ukafa. Mambo ya kufa kwako nitayarudia, yana sehemu yake.

Nilishika mimba ya tatu udongo wa kaburi lako ukiwa bado haujakaa sawa. Sasa hivi kliniki wanataka twende na waume, basi Paskali akaja amevaa koti. Nesi wa sasa ni msichana mdogo, ana subira. Alitueleza yote. Kwamba naweza kutembea uchungu ukianza, naweza kukandwa mgongo, naweza kuoga maji ya moto. Kwamba ipo sindano ya pajani ambayo haiondoi uchungu wote ila inaupunguza makali, inaweza kunilevya na kunitapisha, na isichomwe karibu sana na kuzaa kwa sababu mtoto naye anaweza kuzubaa. Akasema nikitaka niseme siku hiyo, nisipotaka niseme. Nikamwona ananitazama mimi. Na kabla sijavuta pumzi, Paskali akajibu.

"Hataki. Mama yangu alishakataza."

Mama, ulikuwa umezikwa. Nilikuona umezikwa, nilitupa udongo kwa mkono wangu. Lakini ulikuwa umekaa pale kwenye benchi katikati yetu.

Tukarudi nyumbani. Wakati wa chakula, mama yangu na dada yake wamekuja kutuona na maziwa ya mgando, nikasema mbele yao kwamba sindano nitachomwa, mwili ni wangu. Paskali akaweka kijiko chini. Akashika kiuno, akafumba macho, akautoa. Mlio wangu! Alivyoupandisha, alivyoukata, vile vile ulivyomfundisha. Emanuel akacheka. Daudi naye akacheka kwa sababu kaka yake amecheka. Watoto niliowazaa, wanaucheka mlio niliowazalia.

Nilimtazama mama yangu. Naye hakumtazama Paskali, alimtazama dada yake, na wote wawili wakasimama, wakaacha chakula, wakachukua fimbo zao mlangoni. Mama akaniambia kwa lugha yetu, "Sasa ni mwanamume."

Unaelewa ulichofanya? Ungekufa na kipaji chako, tusingekuwa na la kufanya. Ulimrithisha mwanao, na mwanao tunaweza kumkalia.

Akina mama wa kikao walikuja na basi la asubuhi, wengine wakamalizia kwa bodaboda, na kabla jua halijawa kali uwanja wako umejaa wanawake wa Hanang, watu wa mama yangu. Wamevaa sketi zao za ngozi, zile ulizosema zinanuka, shanga mpaka shingoni, kila mmoja na fimbo yake. Hawakugombana na mtu. Walikwenda kukaa mbele ya lango la zizi, wote, wamenyoosha miguu, wakaanza kuimba. Nyimbo zenyewe nilimtafsiria Paskali kidogo tu, nilipofika katikati akaniomba niache. Akatoka nje anacheka, akasema yeye ni Mmbulu, mila hizo hazimhusu, na ni Mkristo. Wakaendelea kuimba. Ng'ombe wanataka kutoka kwenda malishoni na hakuna pa kupita. Wakaanza kulia mle zizini, na wewe unajua Paskali asivyovumilia ng'ombe akilia njaa.

Lakini kilichomvunja siyo ng'ombe. Mama Safari alikuja na sufuria ya uji kuwapa wageni, heshima ya kawaida. Aliwapa, akasimama akisikiliza, akauliza wamekuja kwa shitaka gani. Mama yangu akamweleza kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Mama Safari akaweka sufuria chini, akakunja kanga, akakaa nao. Akamwita jirani wa ng'ambo ya mfereji, akaja akakaa. Wakaja wa jumuiya, wakaja waliokuwa wakienda mashineni, wakateremsha madebe yao wakakaa. Wale wale, Mama. Wale waliocheka mpaka wakashika ukuta. Kila mmoja ana mlio wake aliouacha mahali, na sidhani kama kuna aliyewahi kuruhusiwa kuusema. Mama Safari alisema kwa sauti, Paskali amesimama mlangoni, "Mimi nilicheka kwa sababu niliogopa wa kwangu usije ukaigizwa."

Paskali akaleta ndama mwekundu. Wakageuza uso. Akaleta beberu, wakaguna. Mweusi katika zizi lile alikuwa mmoja tu na wote tulikuwa tunamjua. Akaniangalia mimi nimsaidie kuomba. Nikamwambia, "Huyo siyo wa kuombewa."

Akamtoa. Alimshika kamba mwenyewe, na alilia njiani, nakuambia ukweli, alilia kwa sauti. Hakuna aliyemwigiza.

Mimi nilipewa ini kwa sababu ya tumbo langu. Lilikuwa tamu. Nyama nyingine niliitafuna polepole, kila tonge nikikukumbuka wewe unavyomwita jioni, "Katekista, njoo, baba," sauti laini ambayo mimi hukuwahi kunipa. Mifupa walibeba wenyeji wa karibu. Ngozi walimwachia Paskali, aikumbuke. Na jioni, kabla hawajapanda gari, mama yangu alimsimamisha mbele ya wote akamwambia maneno mawili: "Ataulizwa yeye." Paskali akaitikia. Nadhani aliitikia pia kwa niaba yako.

Siku ilipofika nilikwenda hospitali na mama yangu, na Paskali akabaki nje kwenye benchi. Uchungu ulikuja vile vile, Mama, sindano haibadilishi ulivyoumbwa. Nilitembea kwenye korido nimeshika ukuta. Mama alinikanda kiuno kwa kiganja. Nililia nilipotaka kulia. Nikafika pale ninapopajua, pale ambapo kupumzika kunakuwa kufupi na unaanza kuogopa. Yule nesi msichana akaja, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akauliza. Akasubiri. Uchungu ulinikamata katikati, akausubiri upite, hakuondoka na trei yake. Nikasema, "Nichome."

Niliihisi ikiingia polepole, kichwa kikawa kizito, ulimi ukakauka. Uchungu haukuondoka. Ulisogea, ukakaa kule mlangoni badala ya kunikalia kifuani. Nilikuwa naujua kwamba upo na haukuwa unanijua mimi. Nikalala usingizi mfupi kati ya mmoja na mwingine, mate yananitoka, sikuona haya. Makali yalirudi baadaye, na wakati wa kusukuma moto ulikuwa ule ule, na nilipiga kelele zangu zote. Lakini akili yangu ilikuwa kwangu. Na mtoto alipotoka nilimsikia. Ni wa tatu huyu, na ndiye wa kwanza niliyemsikia. Alitoa sauti kali, ya kugomba, na mama yangu akacheka.

Nilichukia pale, kitandani, katikati ya furaha yangu. Nilihesabu kilio cha Emanuel na cha Daudi nilivyonyang'anywa, na sijui nitakudai wapi.

Watu walitegemea aitwe Magdalena, jina lako. Walikuja na zawadi wakilitaja taja. Anaitwa Neema. Paskali alikubali haraka sana.

Sasa nirudi kwenye kufa kwako, maana nilipokuwa nimelewa ile dawa ndipo nilipokuona.

Ugonjwa ulikukamata kwenye kizazi. Ulipofika hospitali wewe ulikuwa umekwisha mwili, mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko kuni. Paskali hakuweza kukaa, kila mara anatoka kutafuta maji, kutafuta soda, kutafuta vocha ya simu. Nilibaki mimi. Na ukaanza kulia. Ulianza chini, Mama, ukapanda, ukakatika katikati, ukapanda tena. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikausikia, na nikajua kwamba hukuwahi kuniigiza mimi. Ulikuwa unaujua kutoka kwako mwenyewe.

Daktari akaja, akaniuliza kama waanze kukupa mofini, akasema ndugu wengine huikataa wakiogopa mgonjwa atalala moja kwa moja. Aliniuliza mimi, mkweo, Mmang'ati. Ningeweza kujibu. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelibeba tangu siku ya Emanuel, na lilikuwa lako neno kwa neno.

Sikujibu. Nilikuinamia sikioni nikakuuliza, "Mama, unataka dawa ya maumivu?" Usije ukadhani ilikuwa huruma. Nilitaka nilisikie likitoka kinywani mwako.

Ukasema, "Nataka."

Wakakupa hapo hapo. Nilikutazama mpaka vidole vilipofunguka na mikunjo ya paji ikalainika, na ukalala umefungua mdomo. Hukuongea nami tena baada ya hapo. Uliondoka bila kusema pole, na mimi niliitaka ile pole, bado naitaka.

Kilio chako ninacho. Nakijua kinapopandia na kinapokatikia, na kipaji cha kuigiza nimegundua sikukosa, kimenikaa tu bila kazi. Mashine ya kusaga ipo pale pale. Sijakitoa kwa mtu, hata kwa Paskali, hata kwa mama yangu.

Lala basi, Mama. Sijakusamehe na sitakudanganya. Ila nakuahidi hili: Neema akikua na siku yake ikifika, ataulizwa yeye, na mtu yeyote wa ukoo wako akifungua mdomo kumjibia, nitamnyamazisha kwa lile neno lako moja la mwisho, na nitamwambia ni la nani.

Mimi mkweo,
Theresia